Kinga Iliyo Nyuma ya Jicho la Kuku

Ukiuondolea mradi wa chanjo ya kuku warsha zake, fulana zake na mabango yake, kinachobaki ni tone moja. Tone hilo lina virusi hai visivyo na makali, na hudondoshwa katika jicho moja la kuku, awe jogoo mzee au kifaranga. Wafugaji wengi wa Kasigau, Sagalla, Mbololo na Mwatate, katika kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya, wamepata kuona chanjo ya kideri ikitolewa hivyo. Wachache wameelezwa kwa nini iwe jichoni. Kwa nini isitiwe tu kwenye maji ya kunywa? Kwa nini isichomwe sindano kama ya ng'ombe? Swali hili si la kitaalamu pekee. Mtu asiyejua sababu ya tone lile hataona ubaya kulidondosha kwa pupa, au kulitoa mara moja na kusahau, na hapo ndipo fedha nyingi za miradi zimekuwa zikipotelea.

Sababu yenyewe imo ndani ya machozi.

Tumezoea kuyaona machozi kama maji ya chumvi yanayotoka kwa uchungu, kwa moshi au kwa kitunguu. Mwaka 1922 Alexander Fleming, ambaye miaka 6 baadaye ndiye aliyegundua penisilini, alitangaza kwamba ndani ya kamasi na machozi mna kitu kinachoyeyusha bakteria. Alikiita laisozimu. Ili apate machozi ya kutosha kwa majaribio yake, aliwatilia watu maji ya limau machoni. Waliomfuata walikuta protini nyingine nyingi. Kuna laktoferini, inayoshika madini ya chuma ili bakteria wayakose wafe njaa. Kuna kingamwili za aina ya IgA, zinazomnasa mdudu kabla hajagusa nyama ya mwili. Na baadhi ya protini hizi zina kazi ya pili isiyotajwa sana, nayo ni kuizuia kinga isipitilize. Jicho ni kiungo cha ajabu katika jambo hili. Kidonda cha mguuni kikivimba na kutoa usaha kitapona, na kovu lake halitamzuia mtu kutembea. Kovu kwenye kioo cha jicho ni upofu. Kwa hiyo machozi hupigana na maradhi huku yakituliza vita yenyewe, na laktoferini hushiriki pande zote mbili.

Machozi hayafanani kwa wanyama wote, na Taita Taveta ni mahali pazuri pa kuliona hilo kwa sababu wanyama wa aina nyingi wanaishi hapa wakipakana. Tuanze na ng'ombe wa kwenye ranchi zilizo kati ya Voi na Taveta. Watafiti waliripoti mwaka 1967 kwamba hawakuipata laisozimu katika machozi ya ng'ombe, ilhali ya binadamu yamejaa tele. Ng'ombe hutegemea zaidi silaha nyingine, laktoferini na kingamwili zikiwamo. Mfugaji yeyote wa huku anaujua ugonjwa wa macho unaozuka nzi wanapozidi, jicho likatoa machozi mfululizo kisha likafunga ukungu mweupe. Bakteria anayeuleta huitwa Moraxella bovis, na nzi ndio wanaomtoa kwenye jicho hili wakampeleka kwenye lile.

Ndovu naye ana yake. Hana kabisa tezi ya machozi tuliyo nayo sisi, wala hana mfereji wa kuyapeleka machozi puani. Unyevu wa jicho lake hutoka kwenye tezi za kope la tatu, na ukizidi hutiririka shavuni. Wanaowatazama ndovu yatima wanaorejeshwa porini na Sheldrick Wildlife Trust kwenye kituo chake cha Voi huona pengine mstari wa majimaji kati ya jicho na sikio, wakasema mnyama analia. Majimaji yale si machozi. Yanatoka kwenye tezi ya panja, ambayo ina shughuli zake nyingine.

Kuku ndiye ninayetaka kumzungumzia hasa, maana kwake machozi si suala la jicho tu. Nyuma ya mboni yake, ndani kabisa ya tundu la jicho, kuna tezi inayoitwa tezi ya Harder, kwa jina la Johann Jacob Harder, mtaalamu wa Uswisi aliyeieleza mwaka 1694 alipokuwa akimpasua paa. Kwa ndege tezi hii ni kubwa kuliko tezi ya kawaida ya machozi, na imejaa chembe zinazotengeneza kingamwili. Chembe hizo hutoka kwenye kifuko kidogo kilicho karibu na tundu la haja, kile kinachoitwa bursa ya Fabricius. Kuku huyuhuyu wa nyumbani ndiye aliyewafundisha wanasayansi, tangu kazi ya Bruce Glick ya mwaka 1956, mahali zinapolelewa chembe za kingamwili.

Sasa fuata njia ya tone. Likianguka jichoni huenea, na tezi ya Harder hupata habari ya virusi hivyo mara moja. Sehemu nyingine huteremka kwa mfereji wa machozi hadi puani na kooni. Baada ya siku chache tezi ile huanza kumimina kingamwili katika machozi, na machozi yale hupita njia ileile: jicho, pua, koo. Na hiyo ndiyo njia inayotumiwa na kideri. Virusi vyake huingia kwa pumzi, kwa vumbi la kinyesi, kwa maji yaliyochafuliwa, vikikamata kwanza utando wa macho, pua na koo. Machozi ya kuku aliyechanjwa vizuri ni bawabu aliyewekwa kwenye mlango ambao mwizi huupenda.

Kideri kinajulikana kwa jina la Newcastle katika hospitali za mifugo, kwa sababu kilitambuliwa karibu na mji huo wa Uingereza mwaka 1926, mwaka uleule kilipoonekana pia Java. Kenya kiliripotiwa katika miaka ya 1930. Aina zake kali zinaweza kumaliza boma zima la kuku wasiochanjwa kwa siku chache. Kuku huhara kijani, hukokota mabawa, shingo hupinda, hupumua kwa kuvuta. Mama anayetegemea mayai kununua daftari na sabuni hupoteza yote katika wiki moja. Tena hasara haianzi kuku wanapokufa. Habari zikienea kwamba kuku wa kijiji jirani wanakufa, watu huuza haraka kabla hawajakosa vyote, wachuuzi hununua kwa bei ya kutupa, na kuku wenye virusi hupakiwa kwenye matenga wakasafiri. Voi iko kwenye barabara kuu na reli ya kwenda Mombasa. Ugonjwa hauhitaji mabawa.

Historia ya chanjo yenyewe ina funzo ambalo wapanga miradi wangelisoma kabla ya kuandika mpango wao wa kwanza. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Australia na Malaysia walikuwa na chanjo inayostahimili joto, V4, nao wakaja na wazo la kuipaka kwenye chakula cha kuku. Lilikuwa wazo la huruma. Mwanakijiji angemwaga nafaka uani, kuku wangekula, na kazi ingekwisha bila mtu kukimbizana na jogoo kwenye miiba. Ilipojaribiwa katika vijiji vya nchi mbalimbali, Afrika ikiwamo, matokeo yalipishana mno. Nafaka nyingine ziliviharibu virusi vya chanjo. Kuku wenye nguvu walikula kwanza na wanyonge wakabaki. Kuku anayejitafutia huenda asifike kabisa kwenye nafaka ile. Hakuna aliyejua nani amepata kiasi gani.

Baadaye, Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland walipata aina nyingine inayostahimili joto, I-2, wakaitoa bila malipo kwa maabara za nchi zilizotaka kuitengeneza zenyewe. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoichukua na kuitengeneza. Wafugaji wa Msumbiji na Tanzania walipojaribu njia tofauti za kuitumia, njia ya jicho ndiyo iliyokinga vizuri zaidi. Na jambo lililowashangaza wataalamu ni kwamba wafugaji wenyewe waliipenda, pamoja na taabu yake ya kumkamata kila kuku, kwa sababu waliona kuku wao wanaishi. Mpango ulioandikwa kwa kumwonea mwanakijiji huruma ya kazi ulishindwa na mpango uliomwamini kwamba atafanya kazi akiona faida.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ndiyo inayonikera.

Chukua mradi wa kawaida wa chanjo unavyofika kijijini huku kwetu. Gari linatoka mjini asubuhi baada ya chai, linapandisha barabara itokayo Maungu kuelekea Kasigau, linafika saa nne. Kuku wa kienyeji huamka na jua. Saa nne wametawanyika vichakani, wengine wamo shambani kwa jirani, wengine hawatarudi mpaka jioni. Watoto wanatumwa kuwakimbiza. Wanaokamatwa ni kuku wazito, majogoo wavivu, na mitetea yenye vifaranga ambayo haikimbii mbali. Saa nane timu inaondoka na idadi ya kuku waliochanjwa. Walio wengi wako bado porini. Kuku hukamatwa usiku akiwa amelala, au alfajiri kabla mlango haujafunguliwa, na hata hapo ni kama ana banda. Wale wanaolala mtini wanahitaji maandalizi ya siku mbili tatu kabla. Mambo haya yanajulikana na kila nyanya wa kijijini, lakini sijaona ratiba ya mradi inayoanza saa kumi na moja alfajiri.

Halafu kuna suala la chupa. Chanjo huja ikiwa kavu, katika chupa ya dozi 100, 200 au zaidi. Ikishachanganywa na maji, muda wake ni mfupi. Mwenye kuku 9 afanyeje na chupa ya dozi 100? Ama anunue na kumwaga zaidi ya dozi 90, ama awakusanye majirani siku moja. Kuwakusanya majirani ni kazi ya mtu. Mtu huyo lazima apite nyumba kwa nyumba siku mbili kabla, ajue nani ana msiba, nani amesafiri Mombasa, nani ana ugomvi na nani. Mradi ukiwapo, mtu huyo hupewa nauli na chakula cha mchana. Mradi ukifungwa, nauli hukoma, na chupa hubaki kwenye jokofu la duka la dawa za mifugo mjini Voi mpaka tarehe yake ipite.

Na tone lenyewe lina masharti yake. Chupa ya kudondoshea hushikwa wima, kwa maana ikiinamishwa tone huwa dogo na dozi hupungua. Kuku hushikwa kichwa kimelala upande, jicho likitazama juu. Tone likianguka, mchanjaji husubiri mpaka lienee na kuku apepese. Akimwachia mapema, kuku hutikisa kichwa na dawa humwagika. Kusubiri kule kunachukua sekunde chache tu, lakini zidisha kwa kuku 300 na jua kali la Voi la mwezi wa Februari, utaelewa kwa nini sekunde hizo ndizo za kwanza kuibiwa. Hapa ndipo ninaposema kwamba maarifa ya machozi ni maarifa ya utekelezaji. Mchanjaji aliyeelezwa kwamba nyuma ya jicho lile kuna tezi inayosubiri habari atasubiri kuku apepese. Aliyeambiwa tu "tone moja, jicho moja" atahesabu matone yaliyotoka kwenye chupa.

Wachanjaji pia waambiwe ukweli juu ya macho yao wenyewe. Virusi vya kideri, hata vya baadhi ya chanjo, vikimrukia mtu jichoni vinaweza kumletea wekundu na machozi kwa siku chache, kisha hupoa. Hili linajulikana tangu miaka ya 1940. Anayejua atanawa mikono kabla ya kujifuta jasho. Asiyejua ataamka na jicho jekundu, kijiji kizima kiseme chanjo ina balaa, na duru ijayo milango haitafunguliwa.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni la kalenda. Kinga inayotolewa na chanjo hii haidumu. Ushauri ni kurudia kila baada ya miezi 4 hivi, kwa sababu kingamwili hupungua na kwa sababu kila wakati kuna vifaranga wapya ambao hawajaonja tone lolote. Maana yake ni duru tatu kwa mwaka, kila mwaka, bila kukoma. Mradi nao una miaka yake. Chukua ule wa kilimo kinachohimili tabianchi, KCSAP, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 na kuiweka Taita Taveta miongoni mwa kaunti 24. Kama miradi yote ya mkopo, ulikuwa na siku ya kufunguliwa na siku ya kufungwa. Simlaumu mkopeshaji kwa hilo. Namlaumu yule anayepanga jambo lisilo na mwisho kwa fedha zenye mwisho, bila kuandika ni nani atakayelishika siku ya pili yake. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni jukumu la kaunti chini ya Nyongeza ya Nne ya Katiba. Aliyeachiwa kazi anajulikana.

Vipimo vya mafanikio navyo vinatupotosha. Ripoti huhesabu kuku waliochanjwa. Zile bora zaidi hupima damu na kutazama kiwango cha kingamwili, na hilo ni jambo jema. Ila damu haionyeshi yote. Kingamwili zilizo ndani ya machozi, pale mlangoni virusi vinapoingilia, hazionekani kwenye kipimo cha damu. Kipimo ambacho mfugaji anakielewa, na ambacho hakihitaji maabara, ni hesabu ya kuku walio hai baada ya msimu wa kideri kupita. Iulizwe hiyo, miezi 6 na miezi 12 baada ya gari la mwisho kuondoka.

Pale Sagalla kuna mfano wa kazi iliyokubali ukweli huu wa kurudiarudia. Uzio wa mizinga ya nyuki, uliobuniwa na Lucy King wa Save the Elephants, huwazuia ndovu wasiingie mashambani, kwani nyuki huwachoma sehemu laini, pembeni mwa macho na ndani ya mkonga. Utafiti wa miaka 9 uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba katika misimu ya mazao uzio ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Ulionyesha pia kwamba ukame wa mwaka 2017 uliwafukuza nyuki wengi mizingani, na uzio ukadhoofika kwa miaka kadhaa. Wahusika waliweza kuyaona yote mawili kwa sababu hawakuondoka baada ya kuifunga mizinga. Walikaa, wakahesabu, wakaandika na mabaya. Chanjo ya kuku haijapata mlezi wa namna hiyo huku kwetu, labda kwa kuwa kuku hana wageni wanaolipa kumwona.

Ukame ulioanza mwisho wa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ikapita bila kitu cha maana, uliwaondoa ng'ombe wengi katika kaunti hii. Katika nyumba nyingi kuku ndiye aliyebaki, na kuku huyo kwa kawaida ni mali ya mwanamke, anayoweza kuiuza bila kumwomba mtu ruhusa. Kumwacha afe kwa ugonjwa wenye chanjo inayojulikana na inayostahimili joto, chanjo inayotumia mlango ambao maumbile yenyewe yameuandaa, ni uzembe wa kiutawala, na uzembe wa namna hiyo una dawa.

Bunge la kaunti liandike kwenye bajeti duru tatu za chanjo ya kideri kila mwaka, Machi, Julai na Novemba, ile ya Novemba ikitangulia biashara ya kuku wa Krismasi. KEVEVAPI, taasisi ya umma inayotengeneza chanjo za mifugo tangu mwaka 1990, iombwe chupa ndogo zinazomfaa mwenye kuku 10 au 20. Wachanjaji wawe wanawake wa kijiji kilekile, walipwe na wenye kuku kwa kila kichwa, ili kazi yao isitegemee nauli ya mradi. Na wewe mfugaji wa Rukanga, Bura au Mghange, usisubiri gari. Patana na majirani kumi, nunueni chupa moja, wafungieni kuku usiku, mwanze kabla jua halijachomoza. Mshike kuku mpaka apepese.